Omba Uone Waraka: Haki za Mwanafunzi kwa Mzazi wa Dimani na Delta

Dimani hii ninayoizungumzia ni ya Kibiti, si ile ya Unguja. Hapa, kama katika kata nyingine za wilaya, habari za shule hufika nyumbani kwa mdomo. Mtoto anarudi mchana anasema mwalimu kasema. Mjumbe wa kamati ya shule anapita kwenye kibaraza, anatupa neno moja kisha anaendelea na safari yake. Neno likishavuka maji mpaka Kiongoroni, Maparoni au Msala, kule kwenye delta ya Rufiji, limebadilika njiani. Kijiji hiki kinaambiwa michango imefutwa, kile kinaambiwa imerudi, na cha tatu kinaamini bado binti aliyejifungua hawezi kukanyaga tena darasani.

Tangu mwaka 2015 serikali imebadilisha mambo mengi katika sheria, kanuni na nyaraka za elimu, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo inamfaa mtoto wa mkulima wa mpunga na mvuvi wa kamba. Kinachowakosesha watoto wetu haki hizo ni kwamba sisi wazazi bado tunaishi kwa taratibu za zamani, na wakati mwingine ofisi zenyewe nazo zinaishi hivyo hivyo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio utakaorudi tena na tena humu, ni huu: ukiambiwa jambo lolote linalomzuia mtoto wako kusoma au linalokutaka utoe fedha, omba kwa adabu uoneshwe karatasi. "Shikamoo mwalimu. Nimesikia tangazo, nami sikatai. Naomba nione waraka wenyewe ili nikawaeleze na wenzangu." Hakuna mwalimu muungwana atakayeudhika na maneno hayo.

Na ujue karatasi unayooneshwa ina uzito gani. Sheria ya Elimu ni ya mwaka 1978, imerekebishwa mara kadhaa, na Bunge pekee ndilo linaloweza kuibadili. Kanuni hutungwa na waziri chini ya sheria hiyo. Waraka hutoka wizarani kueleza utekelezaji. Sera inaonesha serikali inakokwenda. Maazimio ya kikao cha kijiji au cha shule yako chini ya hayo yote. Hayawezi kumnyima mtoto kile alichopewa na waraka, sembuse sheria.

Bahasha ya kila mtoto

Kabla ya haki yoyote kudaiwa kuna karatasi za kuiunga mkono. Kila mtoto awe na bahasha yake, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, ikae mahali pa juu. Walioona maji ya Aprili 2024 yalivyoingia majumbani Rufiji na Kibiti hawahitaji kuelezwa kwa nini. Unapofunga virago kuhama maji, bahasha hizo ziwe za kwanza kutoka.

Ndani yake weka cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, ripoti za kila muhula, stakabadhi ya kila shilingi uliyowahi kutoa shuleni, na namba ya PREM. Hiyo PREM ni namba anayopewa mwanafunzi wa shule ya msingi katika mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani. Muulize mwalimu wa darasa, uiandike kwenye daftari lako. Mtoto akihama, tuseme familia imesogea kutoka kitongoji cha delta kwenda Bungu au Ikwiriri, uhamisho wake unafuata namba hiyo. Asiyeijua huzungushwa kati ya shule mbili huku mtoto akikaa nyumbani.

Cheti cha kuzaliwa kina mitego yake huku kwetu. Mtoto aliyeandikishwa kabla Kibiti haijakatwa kutoka Rufiji ana cheti kinachosema Wilaya ya Rufiji. Hilo si kosa wala halihitaji kubadilishwa. Lakini majina ni jambo jingine. Cheti kinasema Said, rejista ya shule inasema Saidi. Cheti kina jina la babu, shule imeandika la baba mlezi. Mwana anaitwa Mwanahawa kliniki, Hawa shuleni. Mambo haya yanaonekana madogo mpaka siku ya kuomba mkopo wa chuo, pale jina la cheti cha kidato cha nne linapokataa kulingana na la cheti cha kuzaliwa. Wakati mzuri wa kurekebisha ni kabla shule haijasajili watahiniwa wa mtihani wa kumaliza msingi. Nenda na cheti mkononi, omba uone jina lilivyoandikwa, likague herufi kwa herufi. Baada ya hapo kila marekebisho yanakuwa na kiapo, ada na nauli.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, usajili wa kuzaliwa na cheti chake hutolewa bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Usisubiri aanze darasa la kwanza.

Bila malipo ni nini, na nini bado ni chako

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ndio uliofuta ada na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Kwa sekondari ilifutwa ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 kidato cha tano na cha sita nao wakaingizwa. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ukaja kugawa majukumu, na huo ndio unaofaa kusomwa mkutanoni kwa sauti, kwa kuwa pande zote mbili huusahau.

Mzazi amebakiziwa sare, madaftari na kalamu, chakula cha mwanafunzi wa kutwa, matibabu na nauli. Anayesema elimu bila malipo maana yake mzazi hatoi kitu kabisa anajidanganya, na mtoto wake ndiye atakayekaa na njaa mpaka saa tisa. Upande wa pili, serikali imebeba ada, gharama za mitihani ya taifa na ruzuku ya uendeshaji. Ruzuku hiyo ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, sehemu yake ikienda kwenye vitabu. Kwa msingi, kiasi kilichowekwa kiingie moja kwa moja kwenye akaunti ya shule ni shilingi 6,000 kwa kila mtoto. Piga hesabu ya shule yenye watoto 400: ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi, kwa chaki, ukarabati, michezo na karatasi za mitihani ya ndani. Si fedha nyingi. Mzazi anayejua hesabu hiyo huuliza swali la haki: mwezi huu imeingia shilingi ngapi, imefanya nini? Taarifa hiyo inatakiwa kuonekana kwenye ubao wa matangazo wa shule na kusomwa kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu aliye safi atafurahi kuulizwa, maana mara nyingi yeye ndiye anayelaumiwa kwa fedha ambazo hazijafika.

Je, michango? Wananchi hawajakatazwa kuchangia uji, mlinzi, madawati au tofali za darasa. Kilichokatazwa ni kumfanya mtoto awe dhamana ya mchango. Kamati ya shule na serikali ya kijiji wakutane, wazazi wakubaliane, muhtasari uandikwe, fedha zisipite mikononi mwa mwalimu, stakabadhi itolewe. Mzazi asiye na uwezo asichangie, na mtoto wake asirudishwe nyumbani, asichapwe, asisimamishwe mbele ya wenzake, wala asinyimwe ripoti.

Huku delta nafikiri tungefanya vizuri zaidi kama mchango wa chakula tungeutoa kwa tunachokivuna. Debe la mpunga wakati wa mavuno ni jepesi kwa kaya kuliko shilingi elfu kumi za mwezi Februari, wakati ghala limekauka na mpunga mpya bado uko shambani. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni uliozinduliwa mwaka 2021 unahimiza jamii kuchangia vyakula vinavyopatikana kwao. Leteni hoja hiyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu, mapema kabla ya mavuno ili mahali pa kuhifadhi papatikane.

Ukikuta mtoto amerudishwa kwa ajili ya mchango, fuatana naye asubuhi inayofuata. Usimtume peke yake, usimtume na maneno. Omba uandikiwe sababu ya kurudishwa. Katika shule nyingi neno hilo "niandikie" linatosha kumrudisha mtoto darasani siku hiyo hiyo.

Binti akipata mimba

Hapa nataka nikae zaidi, kwa kuwa ndipo ujinga wa sheria unapowagharimu watu wengi, na pia ndipo sheria ilipobadilika kwa kiasi kikubwa.

Kwa miaka mingi, kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitumika kuwaondoa shuleni wasichana wenye mimba. Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani, akiwa katika mkoa wetu huu wa Pwani, kwamba mwanafunzi aliyejifungua hatarudi shule ya serikali. Ndiyo kauli iliyokaa vichwani mwa wengi mpaka leo. Lakini tarehe 24 Novemba 2021 wizara, chini ya Waziri Joyce Ndalichako, ilitangaza kuondoa zuio hilo, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ukaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwamo, kurudi katika mfumo rasmi. Mwongozo wa utekelezaji ukafuata Februari 2022. Mwaka huo huo kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto ikatoa uamuzi katika shauri lililofunguliwa kwa niaba ya wasichana wa Tanzania, ikiitaka nchi iache kuwafukuza wanafunzi wenye mimba na iache kuwapima mimba kwa lazima.

Ushike muda: mwanafunzi ana miaka miwili tangu alipoacha kurudi kwenye shule ya kawaida. Saa hiyo inahesabu tangu siku aliyotoka, si tangu siku ya kujifungua. Ukipoteza miezi tisa kwa aibu, mwaka mmoja kwa kunyonyesha, na miezi mitatu ukimsubiri baba yake arudi kutoka dago la uvuvi, dirisha limefungwa. Kwa hiyo siku anapoacha shule, andika tarehe. Wakati mtoto ananyonya, familia ikae na kuamua nani atashika mtoto, bibi au shangazi, na kama binti atarudi shule ile ile au ataomba uhamisho ili akwepe kusimangwa. Uhamisho si kushindwa. Wapo wasichana wanaosoma vizuri zaidi pale wasipojulikana habari zao.

Barua ya kuomba kurudi haihitaji wakili. Inatosha hivi:

*S.L.P. …, Kibiti. Tarehe …*
*Mkuu wa Shule, Shule ya Sekondari …*
*K.K. Afisa Mtendaji wa Kijiji cha …*
*YAH: MAOMBI YA KUMREJESHA MWANAFUNZI SHULENI*
*Mimi ni mzazi wa (jina kamili kama lilivyo kwenye rejista), aliyekuwa kidato cha …, aliyekatiza masomo tarehe … kwa sababu ya uzazi. Kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, naomba arejee masomoni kuanzia tarehe …. Endapo ipo sababu ya kutompokea, naomba nijibiwe kwa maandishi.*

Tengeneza nakala mbili. Moja ibaki shuleni, nyingine igongwe muhuri au isainiwe "imepokelewa" na kuwekwa tarehe, kisha irudi kwenye bahasha.

Miaka miwili ikiwa imepita, bado kuna njia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina mpango wa sekondari kwa njia mbadala, ambao binti husoma kwa muda mfupi kuliko miaka minne na kufanya mtihani wa Baraza la Mitihani kama wengine. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, viko 54 nchini na cha jirani kwetu kiko Ikwiriri, vina mpango wa Elimu Haina Mwisho ulioandaliwa kwa wasichana waliokatiza masomo, pamoja na malezi ya watoto wao wadogo mama anapokuwa darasani. Kwa aliyeacha msingi kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa.

Sasa turudi kwa aliyempa mimba. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2016, kinasema anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Anayemuoa mwanafunzi, vivyo hivyo. Anayesaidia au kushawishi ndoa ya mwanafunzi, hata kama ni mjomba, kungwi au mshenga, anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo cha miaka mitano, au vyote viwili. Mkuu wa shule naye anatakiwa kuweka kumbukumbu na kupeleka taarifa kila robo mwaka juu ya mimba na ndoa za wanafunzi na hatua zilizochukuliwa. Na kule kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Oktoba 2019.

Najua jinsi mambo yanavyomalizwa. Wazee wanakaa, fedha inahesabiwa, kijana anaambiwa amuoe au alipe, na shauri linafungwa usiku. Zamani familia ilikuwa na sababu ya kuficha, kwa kuwa kutangaza mimba kulikuwa ni kumfukuzisha binti. Sababu hiyo haipo tena. Kumwambia mkuu wa shule ukweli leo ndiko kunakompa binti kumbukumbu rasmi ya tarehe aliyoacha na sababu yake, kumbukumbu atakayoihitaji kurudi. Kuificha kunamkosesha shule na kunamlinda mwanamume. Kwa hiyo mkitaka kuzungumza na familia ya pili juu ya matunzo ya mtoto, zungumzeni, lakini jinai haipatanishwi barazani. Iripotini Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Simu 116 ni ya bure, ni ya huduma kwa watoto, na anaweza kupiga binti mwenyewe, jirani au mwalimu bila kujulikana na kijiji. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hawatozi fedha. Mtendaji wa kata akuelekeze walipo.

Na unyago? Sina ugomvi na ngoma. Ninachoomba ni kwamba siku zake zipangwe ndani ya likizo ya Juni au Desemba, na kungwi aelezwe kifungu cha 60A kabla hajamfungulia mwali mlango. Mwali anayetoka ndani akiwa darasa la sita ni mwanafunzi wa darasa la sita. Ujumbe huo unasikika vizuri zaidi ukitoka kwa kungwi kuliko kwa ofisa aliyeshuka na gari.

Kuamia ndege na mahudhurio

Mpunga unapoanza kutoa masuke, madungu yanajaa watoto. Wanaamia ndege tangu alfajiri, na usiku kuna nguruwe. Sheria haina msimu: mtoto aliyeandikishwa shule lazima ahudhurie mpaka amalize, na mzazi anayemzuia anaweza kufikishwa mahakamani. Kwa kaya iliyo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF kuna jambo la karibu zaidi, kwani sehemu ya ruzuku imefungwa kwenye mahudhurio ya asilimia 80 kwa mwezi. Mwezi wenye siku 20 za masomo, mtoto akikosa tano umeshuka chini ya kiwango.

Familia zinazopakana mashamba zinaweza kuamia kwa zamu za watu wazima siku za juma, watoto wakaingia Jumamosi na Jumapili. Inafanyika pale wanapokubaliana mapema. Kwa anayezuiwa na maji ya bamvua au upepo, mzazi apeleke taarifa kwa mwalimu wa darasa siku hiyo hiyo, hata kwa ujumbe wa simu, ili rejista ioneshe sababu. Na pale watoto wadogo wanapolazimika kuvuka mkono wa mto kila siku, kijiji kinaweza kuiomba halmashauri shule shikizi, yaani madarasa ya awali yanayolelewa na shule mama. Maombi yaanzie kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, yakiwa na idadi ya watoto, umri wao na umbali wanaotembea au kupiga kasia. Ombi lisilo na hesabu hukaa mezani.

Kuhusu viboko nitasema machache. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu. Mimi ningependa fimbo iondoke kabisa shuleni. Madhali bado ipo, mzazi ana haki ya kuuliza kitabu hicho. Mtoto akiumizwa, kwanza hospitali, kisha kitabu, kisha Dawati.

Mwaka 2027 unakuja na watoto wawili wawili

Sera ya Elimu ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza katika mkondo wa amali kwa shule chache. Matokeo yake yataonekana mwaka 2027, watoto walioanza mtaala huo wakiwa darasa la tatu watakapomaliza la sita sambamba na wenzao wa la saba. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja.

Kwa mzazi wa delta hili ni suala la mahali pa kulala. Sekondari nyingi ziko mbali na vijiji vya majini, na mtoto wa miaka 12 au 13 akipangishiwa chumba mitaani peke yake yuko hatarini kwa kila namna, msichana kwa namna ya pekee. Nafasi kwa ndugu walioko Kibiti mjini, Bungu au Nyamisati zitagombewa. Anza kuzungumza na shemeji au shangazi sasa, mkubaliane mchango wa chakula. Kijiji nacho kiulize kwa diwani, na kijibiwe kwenye mkutano: kata yetu imetengewa madarasa mangapi kwa ajili ya 2028, na hosteli je? Ukiwa na watoto wawili, mmoja kila kundi, hesabu ya sare, madaftari na nauli ni maradufu mwezi mmoja. Msimu wa korosho wa 2026 na wa 2027 ndipo pa kuitafuta.

Baada ya kidato cha sita

Mikopo ya elimu ya juu husimamiwa na Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mwaka 2021 iliondolewa tozo ya asilimia sita ya kutunza thamani iliyokuwa ikivimbisha deni. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele nao wanaweza kukopa. Kwa hiyo asiyefika chuo kikuu asidhani mlango umefungwa.

Maombi ni ya mtandaoni na dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka kwa wiki chache. Wengi hukosa kwa nyaraka: cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo pia. Huku kwetu watu huzikwa siku hiyo hiyo na cheti hakifuatwi, kisha yatima anashindwa kuthibitisha kuwa ni yatima. Kifuatilie mwaka ule ule wa msiba. Kaya iliyo TASAF iwe na namba yake ya usajili tayari. Fomu zinahitaji sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji pamoja na mdhamini, nazo ni safari ya mashua kwa kijana aliyeko Kibiti na mtendaji aliyeko Mbuchi. Azipigishe muhuri mapema, kabla dirisha halijafungwa.

Shule ikikukatalia lolote kati ya niliyoyataja humu, panda ngazi moja baada ya nyingine: mwalimu mkuu, afisa elimu kata, kisha Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti. Ukiombwa fedha ili upate huduma iliyo haki yako, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Na ukitaka taarifa iliyoko ofisini, iwe ruzuku ya shule au mpango wa madarasa, andika barua ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Hesabu siku hizo kuanzia tarehe iliyo kwenye muhuri wa nakala yako, na siku ya 31 uwepo mlangoni ukiwa na nakala hiyo mkononi.